Mdogo Wangu, Fundi wa Baridi

Mimi mdomo wangu hauna breki, wote wanajua, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokuwa. Mdogo wangu amepoza samaki wa watu kwa miaka kumi na minne. Kuna watu mahali fulani wanakula zabibu wakati zabibu hakuna, kwa sababu yeye alipanda ngazi ya chuma alfajiri kuhakikisha haziozi. Wao hawamjui, na yeye wala hajali.

Kazi yenyewe ni hii. Meli yao inabeba makontena zaidi ya elfu moja, na kati ya hayo mia tatu na kitu ni majokofu. Kila moja lina mashine yake, limechomekwa kwenye umeme wa meli, na lina kidirisha kidogo chenye namba. Samaki wanakaa kwenye hasi ishirini. Zabibu, sifuri. Ndizi, kumi na tatu, maana ukizidisha baridi zinageuka nyeusi. Asubuhi na jioni anayapita yote, anasoma, anaandika. Jua likiwaka, chuma kinababua viganja. Bahari ikichafuka, anajifunga mkanda na kupita hivyo hivyo. Likigoma moja, anachuchumaa mbele yake na bisibisi mpaka liwake, na chakula chake kinapoa mezani.

"Mzigo haulii, dada," aliwahi kuniambia. "Lazima uuendee wewe."

Alikuwa na mwenzake aliyekuwa akiandika namba huku amejilaza kitandani. Kontena lake lilipofunguliwa bandarini, wapakuaji walikimbia harufu. Mdogo wangu alipotusimulia tulicheka mpaka mama akamwaga chai kwenye kanga.

Ubaya wa meli ya namna hiyo ni kwamba haisubiri mtu. Matunda yana siku zake, na nahodha hawezi kugeuza usukani eti fulani kafiwa. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa katikati ya maji. Alipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Alikaa pale na viatu vyake vya kazini. Jioni ndipo akaniambia, "Dada, kwa mama utanisubiri. Nataka nimwone uso." Nikamwambia nitamsubiri. Wa kumjibu nilikuwa mimi, dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni.

Mama aliugua siku tano tu, akatutoka Alhamisi mchana. Nilimpigia, maana siku hizi meli ina intaneti hata kama inakatikakatika. Akalia, kisha akahesabu: siku kumi na moja. Meli ingeingia bandari ya karibu, angeomba ruhusa, angepanda ndege. Akaniuliza mochwari ina digrii ngapi. Nikamwambia, mdogo wangu, mimi fundi cherehani, nitajuaje? Akasema kuna namba mlangoni, kaisome. "Ikiwa mbili mpaka nne, sawa. Ikipita sita, niambie siku hiyo hiyo."

Mjomba, kaka yake mama, hakutaka kusubiri. Alisimama sebuleni mbele ya ndugu wote akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo. Tumzike dada yangu apumzike."

"Huyu lake lipo, mjomba," nikamjibu, "na nimelishika mimi. Hazikwi mtu hapa mpaka Kitinda afike."

Kitinda ndilo jina mama alilomwita, kwa kuwa ndiye wa mwisho. Mjomba akavaa kofia yake akatoka. Nilijiona nimeshinda, kusema kweli.

Basi kila asubuhi nikawa naenda hospitali kabla ya kufungua cherehani. Chumba kipo nyuma, kimepakana na chumba cha dobi, ukuta kwa ukuta. Mhudumu wa mochwari, mtu mpole mwenye kikohozi, alinizoea. Nasoma namba, natoka nje, napiga simu. Nne. Nne. Nne. "Asante, dada," mdogo wangu anasema, nami nasikia upepo na mashine nyuma yake, najua naye yuko kwenye zamu ya kusoma zake.

Jumatatu nikakuta saba. Mhudumu akasema fundi wa hospitali amekuja, ametazama, amesema kompresa, ile pampu inayoleta baridi, imekufa, wameagiza nyingine. Nikauliza kama mama anaweza kuhamishwa. Akasema hospitali ya pili imejaa, wanalaza wawili wawili.

Nilitoka nje na simu mkononi. Nilijua nikisema saba, atasema mzikeni. Na nilikuwa nimeapa mbele ya mjomba. Simu ikaita, naye akaanza yeye, sauti imechangamka: "Dada, nahodha amekubali. Nimepata tiketi. Namba ngapi leo?"

"Nne," nikasema.

Jumanne ilikuwa tisa, nikasema nne. Jumatano kumi na moja, nikasema nne. Mhudumu alikuwa amenikataza kumfunua. Nilijipa moyo kwamba kompresa italetwa, kwamba Mungu ataona. Usiku nilikuwa silali, na mchana nilishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia. Alhamisi nilikuta kumi na tatu.

Siku hiyo mdogo wangu hakuuliza namba. Aliniambia, "Dada, niwekee simu karibu na mashine."

"Ya nini?"

"Niwekee tu."

Nikarudi ndani, nikainua simu mpaka kwenye kile kisanduku kinachonguruma juu ya mlango. Ikakaa pale labda dakika moja. Kisha nikairudisha sikioni.

"Hiyo ni feni," akasema. "Kompresa haifanyi kazi. Tangu lini?"

Njia ya mwongo fupi, mimi yangu iliishia hapo. "Tangu Jumatatu."

"Namba ngapi, dada?"

"Kumi na tatu."

Sikusikia kulia, sikusikia kugombeza. "Mzikeni leo," akasema. "Hata ikiwaka sasa haisaidii. Na msifungue jeneza, usimruhusu mtu."

Tukazika alasiri, jeneza limepigiliwa misumari. Mjomba hakunisema, na afadhali angenisema. Hakuna aliyemwona mama, si yeye, si mimi, si wajukuu.

Mdogo wangu alifika Jumatatu, ile ile aliyokuwa ameihesabu. Alikwenda kaburini peke yake. Kesho yake akaniambia anatoka kidogo, akachukua bisibisi zake. Nikafikiri ana kazi ya mtu.

Wiki ilipoisha nilipeleka sukari na majani kwa mhudumu, kumshukuru. Alinipokea kwa furaha. "Mdogo wako ni fundi kweli," akasema. "Ile kompresa wala haikuwa imekufa. Nyuzi za mashuka kutoka kwa dobi zilikuwa zimeziba mgongo wote wa mashine, ikashindwa kupumua, ikajizima yenyewe isiungue. Amepangusa kwa brashi, akabonyeza kitufe, ikawaka. Dakika ishirini. Anasema hata mimi ningeweza, kama angenielekeza kwa simu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sijui hata nilipita njia gani. Nilimkuta chumbani anapanga begi, kesho kutwa anapanda ndege kuifuata meli.

"Kwa nini hukuniambia ya mochwari?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Ungeifanyia nini, dada?"

Nikakaa kwenye kitanda chake nikalia kama mtoto. Yeye aliendelea kukunja mashati, moja baada ya jingine, na lile nililolikalia akalivuta taratibu asinisumbue.