Gunzi la Dada Kemi

Nikisikia harufu ya gunzi la mahindi likiungua, moyo unanisuta. Gunzi ndilo lililokuwa kipaza sauti cha kwanza cha dada yangu Kemilembe, yule aliyeendesha kipindi cha usiku kwenye televisheni kwa miaka mingi.

Alianzia jikoni kwetu Nyaishozi, mchana kweupe, tukimenya ndizi. Alimhoji Mama, akamhoji bibi, siku moja akamhoji mbuzi na kumkatiza kwamba muda umekwisha. Akimaliza husema, "Rareni salama, wapendwa watazamaji." Sisi tumekua tukisema Kinyambo, lugha ya kwetu, na ra na la zilibadilishana nafasi midomoni mwetu bila kuomba ruhusa. Mimi tu ndiye niliyezitenganisha, maana nilikaa miaka miwili kwa shangazi Tanga, na kwa hilo nilijiona mtu wa maana sana.

Dada Kemi alipofika darasa la saba, walimu wakamchagua asome risala ya mahafali mbele ya diwani. Alinijia na karatasi na penseli.

"Mdogo wangu, wewe una Kiswahili cha pwani. Nisikilize nikisoma, nikikosea weka alama, nisije nikaaibika."

Sasa, Mama alikuwa amemshonea gauni jipya kwa siku hiyo, mimi nikaambiwa nitavaa lake la zamani. Wivu ulinikaba jamani! Nikatia alama mbili tatu za kujionyesha, na penye kosa kubwa kuliko yote nikamwambia, "Hapo umepatia, dada."

Siku ikafika. Alisimama wima, sauti imenyooka, uwanja mzima kimya. Akafika pale pale.

"Mheshimiwa diwani, tunaomba tupate kura hapa shuleni kila mchana, maana wengi tunashinda njaa."

Alitaka kusema kula. Diwani akashika tumbo. "Jamani, kura si huwa naomba mimi?"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Dada aliketi risala ikiwa nusu, na jioni akalitupa gunzi motoni. Hakumhoji mtu tena pale nyumbani, na jikoni kukawa kimya hata mbuzi alishangaa. Mimi nilidhani ameninunia tu, yatapita.

Baadaye alisoma mbali, akaingia redioni, kisha televisheni. Watu walimsifu kwa Kiswahili chake safi. Mimi nilichoona ni kwamba mgeni wake akijikwaa kwenye neno, yeye hakucheka kamwe. Alimsubiri, akamwacha amalize. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa alikojifunza subira hiyo.

Mwezi uliopita aliaga kipindi. Mwishoni akasema, "Namshukuru mdogo wangu, mwalimu wangu wa kwanza. Alinisikiliza neno kwa neno, penseli mkononi. Siku ile niliyoaibika, kosa lilikuwa langu, si lake." Kisha akatabasamu, akasema kwa makusudi, "Rareni salama." Nililia peke yangu kama mtoto.

Asubuhi akanipigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulisikia nilivyokutaja? Nilisema sawasawa?"

Ningeweza kumwambia. Miaka yote hii nilikuwa nikiitafuta nafasi hiyo hiyo, na sasa ameniletea mwenyewe.

"Hapo umepatia, dada," nikasema.