Mkaja Uliokwenda Moshi kwa Posta

Mimi sikusoma. Nilikaa chuo cha Kurani nikajua kusali na kuandika jina langu, basi. Lakini wajukuu zangu wenye vyeti vyao wakirudi kutoka mjini wamenuna, eti wamezungushwa kwenye dirisha la ofisi kutwa nzima, hunijia mimi niwaambie la kufanya. Nami huwaambia habari ya mkaja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Binti yangu, mwanangu wa kwanza, aliolewa na fundi wa reli akapelekwa Moshi. Akashika mimba. Kwetu Tanga mimba ya kwanza mwana huja kuizalia kwa mama yake, hilo halina mjadala. Ila miguu yake ilivimba, daktari wa huko akamkataza safari. Mimi nami nilikuwa na mama mkwe kitandani, hageuki bila mikono yangu. Kwa hiyo mwanangu angezaa kwenye baridi ile, mama yake hayuko, na mkaja hana.

Mkaja ni kitambaa. Mzazi akishajifungua hufungwa nacho tumboni, akakazwa kweli kweli, siku arobaini, ili tumbo lirudi mahali pake. Asiyefungwa hutembea maisha yake yote kama ana mimba ya miezi mitano, na watu wasio na haya humuuliza atajifungua lini. Mkaja niliofungwa mimi nilipomzaa yeye ulikuwa umekunjwa sandukuni. Kitambaa kipya hulegea. Ule ulishaijua kazi. Huko Moshi alikuwa na jirani, mwanamke wa Pangani, hodari wa kufunga. Kilichokosekana ni mkaja wenyewe, na pilipili manga ya uji wa uzazi. Na mwezi wa kujifungua ulikuwa umeshaingia.

Mume wangu alisema, "Mpe mtu anayepanda treni."

"Mara ya mwisho tulimpa mtu halua. Kilichofika ni kikapu."

"Basi posta."

"Basi posta."

Nikatia vitu katika gunia dogo, nikalikaza kwa kamba ya makumbi, nikaenda. Karani alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi hata ingeweza kusimama peke yake. Hakuinua uso. Alizungumza na karatasi zake.

"Hii haipokelewi. Kashone kwa marekani."

"Nishone wapi?"

"Kote. Anayefuata!"

Nikanunua marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, nikashona. Kofia zangu zilivaliwa Idi mpaka Pangani, usidhani nilikuwa nashona ovyo. Kifurushi kile nilikipiga mishono ya kofia, sisimizi asingepata pa kuingilia. Mwalimu jirani yetu akaandika anwani kwa wino.

Siku ya pili foleni ilikuwa ndefu. Wanaume tupu: makarani wa mashamba ya mkonge, wapishi wa Raskazone, mtaa wa Wazungu, waliotumwa barua na mabwana zao. Mwanamke mwingine alikuwa mmoja tu, nyuma yangu.

"Ndani mna nini?" karani akauliza.

"Vitu."

"Vitu gani? Lazima niandike."

"Nguo."

Akainama, akanusa. "Nguo za kupikia mchuzi?"

Foleni ikacheka. Mpishi mmoja akapaza sauti, "Mpimie, bwana! Mama anatuma pilau!"

"Nguo gani, mama, na za nani? Sema, watu wanangoja."

Sasa nakuuliza wewe. Niutamke mkaja wa mwanangu mbele ya wanaume wale wote? Na mimba bado iko tumboni, macho ya watu yakaiangukie? Hata baba yake hakupata kulisikia neno hilo kinywani mwangu.

"Sisemi."

"Basi hakiendi."

Nikachukua kifurushi changu. Pale sikulia. Nililia nyumbani. Lakini mlangoni yule mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alinivuta buibui.

"Yule unajua mwana wa nani?"

"Wa Shetani."

"Shetani hakai barabara ya kumi na mbili. Mama yake anakaa."

Jioni nikapiga hodi barabara ya kumi na mbili. Nilimkuta mama wa makamo, kama mimi, anasuka ukili wa mkeka. Nikakaribishwa, tukaulizana hali za nyumba zote mbili, nikanywa maji. Ndipo nikasema, "Nina shitaka. Mwanao karani kaniuliza kilichomo kifurushini."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Mbele ya wanaume."

"Kwani mna nini?"

Nilimwambia sikioni, ingawa nyumba nzima tulikuwa wawili. Akaacha ukili.

"Mwanao wa ngapi?"

"Wa kwanza. Yuko Moshi."

"Ee Mola!" Akakishika kifurushi nilichokuja nacho, akapitisha kidole kwenye mshono. "Yule aliponitoka alikuwa na kichwa kama nazi ya mbegu. Nilifungwa siku arobaini, na tumbo bado lilikuwa linabisha. Kesho asubuhi twende."

Tulipanga foleni kama watu wote. Hatukumpita mtu. Tulipofika dirishani karani, kwa mara ya kwanza, aliinua uso.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Msalimie mwenzangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Andika," mama yake akasema, "nguo na dawa za nyumbani."

"Mama, utaratibu unataka nitaje moja moja."

"Haya, tutaje. Wewe ulipozaliwa, kichwa chako—"

"Mama, hapa kazini."

"—mkunga alikitazama akasema—"

Aliandika. Sijapata kuona mtu akiandika upesi vile. Akapima, akabandika stempu, akayeyusha lakiri nyekundu, akagonga mhuri. Kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa kukisajili kisipotee njiani, na kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia. Nikamwambia hapana, baba, Mungu akuzidishie.

Sikumpa hata kitumbua. Wajukuu zangu wakisikia hapo husema, "Bibi, siku hizi mambo si hivyo." Huwaambia wakaulize karani anakaa barabara gani.

Kifurushi kilifika. Siku ya tatu mwanangu akajifungua, na barua ikaja kusema yule mwanamke wa Pangani amemkaza mpaka akaomba radhi. Barua ni karatasi. Nilingoja arobaini iishe.

Mwanangu aliposhuka stesheni ya Tanga, ndugu wote walimkimbilia mtoto, wakapigana vikumbo kumshika. Mimi nilimvuta mwanangu kando, nyuma ya mizigo, nikapitisha mkono chini ya kanga yake, nikapapasa. Tumbo lilikuwa bapa kama kibao cha chapati.

"Mama, watu wanaona," akasema.

"Na waone," nikamwambia. Ndipo nikaomba nipewe mjukuu wangu.