Jina Kwenye Mlango wa Lori

Yule karani ameshakufa, na kanisani tumefundishwa kuwasamehe waliotangulia. Mimi nimewasamehe wengi. Yeye bado.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maandishi kwenye magari. Misheni ilinifundisha useremala, lakini mkono wangu ulipenda herufi kuliko randa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anaitawala Tanganyika, malori ya kahawa na mahindi yalianza kuwa mengi kati ya Mbozi na Tunduma, na mengine yalivuka mpaka hadi Rhodesia ya Kaskazini. Yote yalihitaji mtu wa kuyaandika. Sheria ilitaka jina la mwenye gari na mahali anapokaa yawepo mlangoni, yasomeke na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Na mfanyabiashara akitaka tangazo ubavuni, la chai au la sabuni, ilibidi kwanza mchoro upelekwe ofisi ya serikali ugongwe muhuri, ndipo fundi ashike brashi.

Muhuri huo ulikaa mezani kwa karani ninayemsema.

Mwenye duka mmoja wa Tunduma alinipa kazi ya kuchora tangazo la chai kwenye malori yake matatu. Kwangu ilikuwa kazi ya kunitoa moja kwa moja kwenye vibarua vya mashamba ya watu. Nilichora kikombe cheupe na mvuke unaopanda kwa mikunjo mitatu, nikapeleka mchoro ofisini. Karani akaupokea, akasema, "Anza tu, fundi, kibali kitafuata." Nikaanza. Hapo ndipo palipokuwa na ujinga wangu, nakiri: niliamini mdomo wa mtu kwa sababu amevaa tai.

Lori la kwanza lilipokamilika, alikuja siku ya soko, watu wamejaa, akasimama mbele ya kikombe changu.

"Kibali kiko wapi?"

"Si ulisema kitafuata, bwana karani?"

"Nani, mimi? Na huo moshi kauruhusu nani? Watu watadhani gari linaungua, waanze kuruka. Futa."

"Ni mvuke wa chai, bwana."

"Futa, fundi. Kama kanuni zinakushinda, kalime. Jembe halihitaji kibali."

Watu wakacheka. Nikafuta kwa msasa na mafuta ya taa, mbele ya watu walewale walionisifu asubuhi. Wiki mbili baadaye malori yote matatu yalipita na kikombe kilekile na mvuke uleule wa mikunjo mitatu, vimechorwa upogo na mpwa wake karani. Safari hii muhuri ulipatikana. Mimi nikarudi kupalilia kahawa ya watu. Wenzangu waliimba wakilima. Mimi nilimlaani yeye, mstari kwa mstari, mpaka saa ya kula.

Sasa, karani naye alikuwa na lori. Serikali iliwakataza makarani wake kufanya biashara, kwa hiyo alilinunua kwa jina la shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa dereva. Lori lililala Tunduma, mbali na ofisi, na karani hakulisogelea hata siku moja. Faida yote ilikwenda kwake, shemeji akabaki na vumbi. Kuanzia Mbozi hadi mpakani kila mtu alijua hivyo. Wazungu tu ndio hawakujua.

Siku moja shemeji huyo alinifuata shambani mbio mbio. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja kesho yake kukagua malori, na rangi ya mlangoni ilikuwa imebanduka, haisomeki.

"Niandikie jina la mwenye gari, fundi, tafadhali."

"La mwenyewe hasa?"

Akacheka. "Si ndivyo sheria inavyosema? Andika tu. Mimi hata herufi moja siijui."

Ilikuwa kweli, hakukanyaga shule. Nikanawa mikono, nikapiga mistari kwa uzi na chaki, nikaandika jina la karani lote, pamoja na lile la ubatizo na la babu yake, na chini yake mahali anapokaa. Sijawahi kuandika vizuri namna ile. Nilikuwa na furaha mbaya moyoni, na sitaipamba kwa kuiita haki.

Kesho yake malori yalipangwa uwanjani mbele ya ofisi. Nilikwenda nikasimama karibu. Karani alimfuata Bwana Shauri nyuma, daftari mkononi, akimsomea namba. Walipofika kwenye lori lile, mzungu akasoma mlango, akageuka.

"Hili ni jina lako."

Karani akasoma. Nikaona jasho linamtoka juu ya kola. "Limekosewa, Bwana Mkubwa. Fundi wetu ni mjinga."

"Gari si lako?"

"Si langu, Bwana Mkubwa. Hata tairi moja si langu."

Madereva walisikia, askari walisikia, wazee wa kanisa walisikia. Bwana Shauri akamgeukia dereva. "Basi ni la nani?"

Shemeji alimtazama mume wa dada yake. Alikuwa amelala chini ya lori lile miaka miwili, mvua na jua.

"Ni langu, Bwana Mkubwa. Karatasi zinasema hivyo, na bwana karani naye ameshasema."

Hilo sikulipanga. Nilitaka afukuzwe kazi tu. Hili lilikuwa tamu zaidi. Akisema gari ni lake, kazi imekwenda. Akinyamaza, lori limekwenda. Alinyamaza. Bwana Shauri akaagiza jina lisahihishwe papo hapo, na karani akaniandikia kibali cha kuandika la shemeji yake, kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni ile shemeji, mmiliki mpya wa lori, alipeleka jogoo kwa dada yake, akanialika na mimi. Nilikwenda, nisingekosa hata kwa mvua ya mawe. Dada mtu alijua fika lori lilinunuliwa na nani, lakini alipika, akatenga, akamwomba mumewe aombee chakula, kwa kuwa kwetu baba mwenye nyumba ndiye anayeomba. Akamkumbusha asisahau kumshukuru Mungu kwa lori alilompa kaka yake.

Karani akafumba macho, akashukuru. Yangu sikuyafumba. Nilimtazama hadi neno la mwisho, kisha nikaitikia amina kabla ya wote.