Ubao wa Bi Hamda Barazani

Mie nnauza urojo mlangoni kwangu, Mkunazini, na mlango wangu unatazamana na baraza ya Bi Hamda. Kwa hiyo haya nimeyaona, sikuhadithiwa na mtu.

Bi Hamda ndiye mwosha maiti wa mtaa wetu, upande wa wanawake. Bibi mwembamba, mcheshi, mpenda halua. Ukimwona harusini humdhanii kazi yake. Ukimpa shikamoo hukutazama utosini mpaka vidoleni ndipo aitikie. "Marahaba, Tabia. Mrefu wewe! Sanda yako itatutaabisha." Nshamzoea.

Nyumba ile ni yake, kairithi kwa mama yake. Lakini baraza ya nje ilikuwa ya wanaume. Asubuhi mpaka magharibi wamo na kahawa yao, na hapiti mwanamke asisemwe. Huyu kanenepa, yule kakauka, huyu buibui limembana, yule mumewe ati kamwachia mno. Kinara wao Masoud, fundi wa mafriji ambaye sijapata kumwona kashika friji. Nikiwanyamazia kwa sababu ni wateja wangu, lakini wallahi urojo wao nikiutia pilipili kwa hasira.

Sasa mjukuu wa Bi Hamda, Rasha, akapata kazi mapokezi, hoteli moja ya Mbweni. Basi kila akitoka, wanaume wale wanamsindikiza kwa maneno ya kutia haya. Mtoto wa watu akaanza kuzunguka vichochoro vya nyuma, kwenye maji machafu. Akawa anafika kazini kachelewa, viatu vimelowa. Bosi wake akamwambia akichelewa tena asirudi. Siku hiyo alikuja nyumbani analia, anasema bora aache mwenyewe.

Mjomba wake, Sleiman, akaja kutoa hukumu. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia yote.

"Mama, jambo dogo hili. Rasha akae ndani."

"Anayetukana nani? Rasha?"

"Hapana, wale pale nje."

"Sasa mbona anayefungiwa ni Rasha?"

"Mama, wanaume ndivyo walivyo."

"Aa, kumbe maradhi!" akasema Bi Hamda, akainuka.

Nikajua anafuata ndoo ya maji awamwagie. Lo! Akaniita tusaidiane kutoa ubao, ule wa kuoshea maiti, ambao huwekwa kwake nyuma ya ngazi. Tulipotokeza nao mlangoni, barazani hakubaki mtu. Hawakuambiwa waondoke. Mmoja aliacha kandambili.

"Umeingia unyevu," Bi Hamda akasema, akiulaza barazani taratibu. "Lazima upigwe jua."

"Mpaka lini, Bi Hamda?" akauliza mmoja wao kutoka kichochoroni, kikombe mkononi.

"Mpaka ukauke. Na wa kusema umekauka ni mie."

Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wanaume wazima wakawa wanasimama kichochoroni juani, hawajui mikono waiweke wapi. Wakataka kukaa kwenye ngazi yangu, nikawaambia hapa biashara. Wakamtuma Sleiman.

"Mama, watu wanasema unawatisha."

"Mie? Mie siwaoshi wanaume. Waambie watulie, wana mwoshaji wao."

Lakini midomo haikufungwa. Walisema wakiwa wamesimama, na Rasha akaendelea kuzunguka nyuma. Roho ilikuwa ikiniuma kumwona ananyanyua buibui akiruka madimbwi, na kule kazini wanamtazamia saa.

Halafu Masoud akaona aibu kushindwa na ubao. Asubuhi moja akaja anacheka, akakaa juu yake mbele ya wenzake wote, akakunja nne. "Mbao tu hizi! Nani anaogopa?" Na Rasha naye, siku hiyo sijui alipata wapi moyo, akatokeza kwa mlango wa mbele. Masoud akafungua mdomo.

"Kaa, mwanangu, kaa," Bi Hamda akamwambia kutoka mlangoni. "Hapo ndipo alipolala mama yako."

Masoud akaushusha mguu.

"Nilimwosha mie, kwa mikono hii. Alikuwa shoga yangu. Unajua akienda sokoni akipita wapi? Kule nyuma, kwenye maji machafu, na kapu lake, na wewe tumboni. Baba yako na wenziwe walikuwa wakikaa papo hapo ulipokaa."

"Sikulijua hilo, Bi Hamda."

"Ungelijuaje? Alikuwa akiona haya kukwambia."

Masoud akaupapasa ule ubao kwa kiganja, akainuka, akajibana ukutani kumpisha Rasha. "Pita, dada," akasema, macho chini. Na wale wengine wakajibana vilevile. Rasha alipita katikati yao, wala hakukimbia. Nikapiga kigelegele mbele ya ubao wa maiti, Mungu anisamehe.

Tukaurudisha ubao ndani. Nilidhani Bi Hamda atafunga mlango apumzike. Badala yake akatoka tena, akapangusa baraza kwa ncha ya kanga, akakaa. Kazaliwa nyumba ile, kazeekea mle, na sijapata kumwona kakaa pale hata siku moja. Akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Tabia!"

"Naam, bibi."

"Njoo ukae. Huku kuna upepo, mwanangu! Miaka yote hii kuna upepo, na hawa hawakutwambia!"