Ngoma ya Bibi na Arete ya Komini

Wiki hii nilifanya safari kubwa: kutoka kiti changu mpaka lango la baa ya jirani, hatua arobaini, na viatu nikavaa. Komini, serikali yetu ya mtaa, imebandika arete mpya pale, karatasi ya amri. Marufuku kucheza uchi mbele ya watu, hiyo njo kusumbua raia. Wameibandika juu ya picha ya mchezaji wa Jumamosi. Uso wameufunika, mapaja wameyaacha wazi. Nilicheka hadi mlinzi akadhani nimekunywa.

Rafiki yangu, arete hiyo naijua tangu utoto. Miaka ya vita, katika baa moja karibu na gare ya treni, wanawake walicheza uchi juu ya meza mchana kweupe, askari wakipiga makofi. Komini ikakataza. Ajenti wake, bwana mmoja wa tumbo na kofia, akawa anaingia mle kila siku kukagua, anatoka akijipangusa jasho. Baa haikufungwa hata saa moja.

Basi siku moja akasikia ngoma kwetu. Bibi, mama wa baba yangu, alikuwa anamfundisha dada yangu mkubwa kiuno cha harusi. Mlango umefungwa, majani ya sombe yanachemka chunguni, mawese yananukia. Mimi niko nyuma yao na kitenge changu, natikisika kama kuku aliyelowa. Ajenti akasukuma mlango.

“Mama, arete inakataza! Kutikisa kiuno mbele ya watu, hapana!”

“Watu gani, baba?” bibi akamuuliza. “Humu tuko wanawake tu. Watu njo weye.”

Dada akacheka ndani ya kitenge. Kicheko hicho kilituponza. Ajenti akabeba ngoma, eti ni ushahidi.

Dada akaolewa kwa kugongewa sufuria. Bibi alikwenda komini mara nyingi kuidai ngoma yake, na kila mara alimkuta ajenti ameikalia. Ilikuwa imegeuka kiti.

“Kesi haijaisha, mama,” alimjibu, bila hata kuinuka.

Bibi alikufa, kesi haijaisha.

Jana binti yangu, anayekaribia kuolewa, aliniomba nimfundishe. Nikafunga mlango, nikachukua bido la plastiki, dumu la maji, nikapiga. Pigo la kwanza likaja. La pili likaja. La tatu, lile ambalo kiuno hugeukia, mikono yangu hailijui. Binti akasimama katikati ya nyumba, mguu mmoja juu, ananingojea.

Nimwambie nini? Pigo hilo lilibaki komini, chini ya makalio ya serikali.