Hadubini Tuliyoipandisha Dundori

Niliondoka Nakuru Jumatatu asubuhi kwa sababu mkuu wetu wa maabara alikuwa na swali: je, mashine yetu inaweza kusoma damu kwenye kituo kidogo cha afya kama cha Dundori, kule mlimani, mahali umeme unapopotea ovyo, kama inavyoisoma pale mjini? Mashine yenyewe ni hadubini iliyofungwa kamera, pamoja na kompyuta iliyofunzwa kutambua seli za damu kwa picha. Kuifunza nilishiriki. Kwa miezi mingi nilitazama picha moja moja nikiiambia kompyuta, hii ni seli nyekundu, hii ni nyeupe ya aina fulani, mpaka ikaanza kuzitambua yenyewe. Kwa hiyo sikwenda kama mtu asiye na upande. Nilitaka ishinde.

Saa mbili mimi na dereva tulikuwa tumeiacha Lanet na kuanza kupanda. Hadubini niliipakata mwenyewe, nimeifunga kwa blanketi, maana barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi. Viazi vilikuwa vimetoa maua, na wakulima walisimama kando ya barabara na madebe ya maziwa wakisubiri lori. Dereva aliniuliza kama chombo changu kingewafukuza watu kazi. Nilimwambia hapana, lakini sikuwa nimelifikiria sawasawa.

Kituoni nilipokewa na Mzee Mbugua, mfanyakazi pekee wa maabara ile, aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Alinipa chai, akanionyesha meza ya kuweka vyombo vyangu. Nilimweleza utaratibu. Kila kioo chenye tone la damu kingesomwa mara mbili, yeye kwa jicho na mashine kwa kamera, bila mmoja kuona jibu la mwingine. Jioni ningelinganisha.

Jumanne majibu yakaanza kuachana. Kuna mahali mashine ilikosea. Doa la rangi ililihesabu kama seli, nami nikacheka peke yangu. Lakini mahali pengi aliyekosea alikuwa Mzee. Nilirudia vioo hivyo mwenyewe, nikaona. Kisha nikaanza kumwangalia. Alikuwa akisugua miwani kila mara. Kioo alikipeleka dirishani kabla ya kukiweka chini ya hadubini yake, na rangi ya kupaka damu ilimwagika nje ya kioo bila yeye kujua. Nikarudi kwenye vioo vyangu. Nilijiambia mimi ni mgeni, na yeye ni mtu wa umri wa baba yangu.

Jumatano mchana ililetwa damu ya Mama Wambui, mfugaji wa ng'ombe wawili huko juu karibu na msitu. Alilalamika uchovu, jasho la usiku, na tumbo kujaa upande wa kushoto hata akila kidogo. Mzee alisoma kioo, akaandika kwamba seli nyeupe ni nyingi, huenda ni maambukizi. Mama akapewa dawa akaenda nyumbani. Mashine nayo ilikubali kwamba nyeupe ni nyingi, lakini sehemu kubwa ilikataa kuzitaja jina. Iliziweka kwenye kundi tuliloliita haijulikani.

Kumwonyesha Mzee kungeharibu jaribio. Nilizunguka meza mara mbili, kisha nikamwita.

Alikaa mbele ya skrini, akawa anasogeza picha kwa kidole kimoja, polepole. Seli zilikuwa kubwa pale kama sahani.

"Hizi ni changa," alisema. "Mahali pao ni ndani ya uboho wa mfupa mpaka zikomae. Hapa zimetoka zote, ndogo kwa kubwa."

Alinieleza kwamba hali hiyo aliwahi kuiona mara mbili maishani, na kwamba alishuku saratani ya damu ya aina inayokwenda taratibu, ambayo ikijulikana mapema huzuiwa kwa vidonge. Alizitaja seli zile kwa majina, moja baada ya nyingine, bila kusita. Halafu akainuka, akachukua kioo kilekile, akakiweka chini ya hadubini yake ya zamani na kuinama kwa muda mrefu.

"Huku sioni, Chebet," alisema. "Ni ukungu tu. Mwaka wa pili huu."

Kisha akayasema yote. Alijua ni mtoto wa jicho. Aliogopa kwamba akisema, maabara ingefungwa, na mama mwenye mtoto anayechemka homa angelazimika kushuka mpaka Nakuru. Akawa anajitahidi hivyo hivyo. Mama Wambui alikuwa amepimwa hapo mara mbili kabla ya siku ile, na mara zote mbili aliandika maambukizi.

Alhamisi asubuhi simu ya mama huyo haikupatikana, tukamfuata. Gari lilikwama kwenye tope, tukamalizia mlima kwa miguu, Mzee akishika bega langu penye utelezi. Tulimkuta akikamua. Nilitaka kuanza mimi, lakini Mzee alinitangulia.

"Mama Wambui, damu yako niliisoma vibaya. Mara tatu. Si dawa zilizoshindwa, ni mimi. Inafaa uende Nakuru leo."

Mama huyo hakuacha kukamua mara moja. Aliuliza kama ni ugonjwa mbaya. Mzee alimjibu kwamba ni mbaya, lakini una dawa.

"Wewe ndiye ulinipima nikiwa na mimba za watoto wangu wote," alisema mwishowe. "Ngojeni nimalize huyu, halafu twende."

Mchana, gari likishakwamuliwa, nilirudi Nakuru na Mama Wambui. Kabla hatujaondoka kituoni, Mzee alikuja dirishani mwa gari akaniuliza ningeandika nini kwenye ripoti. Nilimwambia jaribio limeharibika, kwa kuwa nilimwonyesha skrini. Akasema niandike na habari ya macho yake, nisimfiche. Njiani Mama Wambui aliniuliza nani atakamua jioni, kisha akajijibu kwamba jirani ataangalia. Mkono wake ulikuwa chini ya mbavu za kushoto safari nzima.

Hospitali ya mjini ilithibitisha alichokisema Mzee. Mama Wambui anameza vidonge kila siku, na nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ameongeza mwili. Mzee Mbugua niliogopa ataachishwa kazi. Alikaripiwa, ndiyo, kisha akapelekwa kupasuliwa jicho moja, na hadubini yenye kamera ikabaki kwake. Sasa mashine husoma kwanza, na yale yanayoishinda huyasoma yeye kwenye skrini.

Wenzangu huniuliza nilijifunza nini kule juu, wakitarajia nizungumzie umeme na vumbi. Mimi huwaambia hivi. Tulipoitengeneza mashine tuliiwekea mahali pa kusema haijui, na hakuna aliyeidharau kwa kusema hivyo. Mzee Mbugua hakuna aliyemwekea mahali hapo. Nami nilikaa naye meza moja tangu Jumanne, nikiona, na sikumwuliza.