Kidole cha Muuza Nyama

Muuza nyama alikuwa na hasira za mkizi. Kipande cha mfupa kilimchoma kidole, kidole kikavimba na kuanza kunuka, naye akaenda hospitali na kadi yake mpya ya bima, ile ambayo sheria inamtaka kila mkazi awe nayo.

"Kwa ugonjwa, kadi mpya inasubiri miezi mitatu ndipo ilipe, kaka," karani wa dirishani akamwambia. "Ajali ndiyo inayolipiwa kuanzia leo."

"Kumbe!"

Akarudi buchani akimtukana kila aliyekatiza mbele yake. Mkewe alipouliza daktari amesemaje, kidole kilikuwa kimeshalazwa kwenye gogo. Shoka likashuka. Mfupa ukalia, damu ikamrukia mke usoni, kidole kikaangukia kwenye bakuli la utumbo.

"Baba watoto, una wazimu?"

"Nyamaza! Nifunge kitambaa, twende."

Wakafika dirishani damu ikichuruzikia viatu vya watu. "Ajali hiyo!" akanguruma, akiuinua mkono. "Nimejikata na shoka, buchani kwangu!"

Karani akaweka kalamu chini. "Kazini? Pole sana, kaka. Ajali ya kazini bima hii hailipi. Analipa mwajiri wako."

Mke akamgeukia mwajiri mwenyewe, aliyesimama pale akivuja damu, akamzaba kofi.